Grimrock au Dungeon Master, uanze na ipi?

Mkuu umeuliza kama ununue Legend of Grimrock, ile gemu ya kompyuta ya kuzunguka mahandaki yenye madubwana, moja kwa moja au uanze na zile za zamani za aina hiyo, Dungeon Master na Eye of the Beholder. Mi nakushauri anza na Grimrock ya 2012 halafu ndo urudi nyuma. Wale Wafini wa Almost Human walioitengeneza hawakuugusa kabisa msingi wa gemu, bado unatembea mraba kwa mraba, unageuka nyuzi 90, una watu wanne, chakula kinaisha, mienge inazimika, na uchawi unaupiga kwa kubonyeza alama moja moja huku dubwana liko usoni, sasa hapo ukipaniki umekwisha. Karibu yote hayo Dungeon Master ilikuwa nayo tangu 1987 kwenye kompyuta ya Atari ST, na kuna kitu bado inaizidi Grimrock: mtu wako anapata ujuzi kwa kile anachokifanya, ukirusha sana visu anakuwa mkali wa kurusha, wakati Grimrock unagawa pointi tu kila ukipanda levo. Mi hapo nazipa gemu za zamani ushindi bila ubishi.

Shida yake ni ramani, ilibidi ujichoree mwenyewe kwenye karatasi. Grimrock inakuchorea, na mwanzoni inakupa nafasi ya kuizima, ila raundi ya kwanza usiizime tafadhali. Eye of the Beholder ya 1991 iache mwisho, mapigano yake yanafuata sheria za Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na usipozijua utachanganyikiwa bure.