Feni ya kukaushia mahindi inanguruma: nikate meno ya bundi?

Swali: Nina feni ya kukaushia mahindi hapa Pasua, Moshi. Kipenyo sm 60, mapanga sita ya alumini, mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika, puli zote mbili mm 100. Usiku majirani hawalali. Nasikia bundi huruka kimya kwa sababu bawa lake lina meno. Nikiyakata kwenye mapanga, itatulia?

Jibu: Usiiguse alumini hiyo, ndugu. Kila mkato ni mwanzo wa ufa, na mapanga yakipishana uzito feni itatikisika hadi imalize beringi. Ncha zake zinakwenda karibu mita 44 kwa sekunde. Kipande kikichomoka kinaua mtu.

Bundi ana meno ukingo wa mbele wa bawa, nyuzi laini ukingo wa nyuma, na manyoya ya mahameli juu. Lakini pia huruka polepole, na hapo ndipo pa kuanzia. Funga puli ya mm 125 upande wa feni. Mizunguko itashuka hadi 1,120, kelele zitapungua kama desibeli 5, na mota itabeba karibu nusu ya mzigo wa sasa. Mkanda utahitaji kuongezeka kama mm 40, isipokuwa mota inasogea kwenye reli zake. Hewa itapungua asilimia 20 na msukumo wake asilimia 36, kwa hiyo punguza kina cha mahindi, la sivyo ya juu yatashika ukungu.

Kisha angalia mbele ya feni. Nguzo au wavu ulio karibu na mapanga huvuruga hewa, na kila panga likipita hapo hupiga: kwa mizunguko ya sasa ni mara 140 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo unaofika kwa jirani. Visogeze mbali. Nafasi kati ya ncha za mapanga na pete inayoyazunguka isizidi mm 6, sawa pande zote.

Ukitaka meno baada ya hapo, yawe ukingo wa nyuma, kama kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Tumia plastiki ya mm 0.5, kila jino urefu mm 12 na upana mm 6, nusu ya nje ya panga tu. Pima kila kipande kwa mizani ya gramu, visizidiane. Bandika kwa epoksi, na usiwashe bila wavu wa kinga: hata kwa mizunguko 1,120, kipande cha gramu 2 kitavutwa nje kwa zaidi ya nusu kilo. Meno hupunguza mvumo wa juu, mngurumo hayaugusi.

Wengine huiga pia nundu za pezi la nyangumi mwenye nundu, lakini hiyo ni kazi nyingine. Majaribio ya mwaka 2004 yalionyesha pezi lenye nundu huinamishwa kwa pembe kubwa zaidi, kama asilimia 40, kabla hewa haijaachia uso wake. Ila hizo huumbwa na panga lenyewe kiwandani. Za kubandika zitakuharibia feni.