Maswali na Majibu: Kimeng'enya Kinachotengeneza Oksijeni Tendaji kwa Makusudi

Maswali ya safari hii yote yanazunguka NADPH oksidesi. Hiki ni kimeng'enya kinachochukua elektroni kutoka kwa NADPH, molekuli inayozibeba ndani ya seli, kikazivusha utando na kuikabidhi oksijeni upande wa pili. Oksijeni ikipokea elektroni moja inakuwa superoksaidi, na humo huzaliwa haidrojeni peroksaidi na ndugu zake wakali, ambao kwa pamoja nawaita oksijeni tendaji. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu.

Nitumie antioksidanti gani kusafisha oksijeni tendaji zote mwilini?

Hakuna, wala usiitafute. Swali hili halichoki kuja, na kila linapokuja najua kuna mtu ameuziwa kitu. Mwili uliofutiwa oksijeni tendaji zote ungekuwa mwili usio na kinga. Wauzaji wa vidonge wametuzoesha kuziita taka, nasi tumekubali bila kuuliza zinatengenezwa na nani na kwa kazi gani.

Huko Ufini, wanaume 29,133 wavutaji wa sigara waligawiwa antioksidanti mbili, beta-karotini au vitamini E, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Jaribio la Marekani lililochanganya beta-karotini na vitamini A lilikatishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana vitamini C na E huku wakifanya mazoezi kwa wiki nne. Waliomeza vidonge waliikosa faida ya insulini kufanya kazi vizuri zaidi, wasiomeza waliipata. Misuli inayofanya mazoezi hutumia oksijeni tendaji kama ujumbe, na ukiufuta ujumbe mwili hauna cha kuitikia. Matunda na mboga kuleni kwa wingi. Ninachokipinga ni vidonge vya dozi kubwa kwa mtu asiye na upungufu wowote, hasa mvutaji wa sigara.

Oksijeni tendaji si moshi tu wa mitokondria?

Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huvujisha kiasi fulani, ni kweli. NADPH oksidesi haivujishi: hiyo ndiyo kazi yake. Binadamu ana jeni saba za ukoo huu, yaani NOX1 hadi NOX5, DUOX1 na DUOX2. Mwili haugharimii vimeng'enya saba ili kutengeneza uchafu.

Mtoto wa dada yangu amelazwa mara kadhaa kwa jipu la ini na mitoki inayotunga usaha. Daktari ametaja hitilafu ya kimeng'enya hiki. Maana yake nini?

Poleni sana, wewe na dada yako.

Neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ikimmeza bakteria humfungia kwenye kifuko. Hapo ndipo kimeng'enya kinapoundwa. Sehemu mbili, NOX2 na p22, hukaa utandoni muda wote. Nyingine, yaani p47, p67, p40 na Rac, huelea ndani ya seli mpaka ziitwe. Kutenganishwa huko ni kufuli, kwa kuwa silaha ya namna hii haiachwi imekokiwa. Sehemu zikishaungana, seli hufyonza oksijeni kwa kasi kubwa. Ongezeko hilo lilionekana tangu mwaka 1933, likadhaniwa ni kupumua kwa ziada, kumbe oksijeni ilikuwa inageuzwa kuwa superoksaidi.

Kwa mpwa wako, huenda sehemu mojawapo imeharibika kwa urithi. Neutrofili zinameza lakini zinashindwa kuua baadhi ya vijidudu, hasa Staphylococcus aureus, Serratia, Burkholderia na kuvu wa Aspergillus. Huu ni ugonjwa sugu wa granuloma, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 200,000 hadi 250,000. Mara nyingi kosa liko kwenye jeni ya NOX2 iliyo katika kromosomu X, ndiyo maana wavulana, wenye X moja tu, huumia zaidi ilhali mama aliyeibeba anaweza kuwa hana dalili kubwa.

Ulipoelezwa miaka ya 1950 ulionekana kuwa ugonjwa wa kuua watoto. Leo wengi hufika utu uzima kwa kunywa kila siku kotrimoksazoli, dawa ya bakteria, na itrakonazoli, dawa ya kuvu, wengine huongezewa sindano za intaferoni gama, na kupandikizwa uboho kunaweza kuponya kabisa. Ombeni kipimo cha DHR, kinachoonyesha kama neutrofili zinatengeneza oksijeni tendaji. Hukuuliza haya, lakini nayasema: mtoto mwenye ugonjwa huu hapewi chanjo ya BCG, kwa sababu ina vijidudu hai, asichezee mboji wala majani yaliyooza, maana vumbi lake hubeba kuvu na linaweza kumletea nimonia ya kufisha, na ndugu zake wapimwe kabla hawajaugua.

Basi asiye na kimeng'enya hiki hapati uvimbe wa ndani, kwa kuwa oksijeni tendaji ndizo zinazouleta?

Ni kinyume chake. Wagonjwa hawa hupata uvimbe kupita kiasi: utumbo wao huvimba na kuwa na vidonda, na granuloma, yaani vinundu vya chembe za kinga zilizokusanyika, vinaweza kuziba njia ya kutokea tumboni au njia ya mkojo, hata pale ambapo hakuna kijidudu kinachopatikana. Superoksaidi inayoua bakteria ndiyo pia inayosaidia kuiambia kinga kwamba vita vimekwisha. Anayeandika "oksijeni tendaji ni sawa na uvimbe" aeleze kwanza wagonjwa hawa.

Je, ugonjwa huu ni sawa na upungufu wa G6PD?

Hapana. G6PD ni kimeng'enya kingine, husaidia kutengeneza NADPH, na upungufu wake kwa kawaida huziumiza chembe nyekundu. Ni pale tu upungufu unapokuwa mkubwa mno, jambo la nadra, ndipo neutrofili nazo hukosa NADPH ya kutumia.

Kama seli zetu hutumia haidrojeni peroksaidi, kuna ubaya gani kuinywa ikiwa imezimuliwa ili kuongeza kinga?

Usinywe! Huunguza koo na tumbo, na inapovunjika hutoa gesi ya oksijeni inayoweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa. Watu wamekufa hivyo, na anayekuuzia hatakuwepo wodini.

Angalia jinsi mwili wenyewe unavyoitumia. Katika tezi dundumio, ile ya shingoni, DUOX2 hukaa kwenye ukingo wa seli na kutoa haidrojeni peroksaidi pale pale inapohitajika. Jirani yake, kimeng'enya kingine, huichukua na kuitumia kubandika madini joto kwenye protini ambayo homoni za tezi hutengenezwa humo. Mtoto akizaliwa na DUOX2 iliyoharibika, homoni hizo hupungua na ubongo wake uko hatarini asipotibiwa mapema. Kemikali ni ile ile ya kwenye chupa. Tofauti ni kwamba seli huitoa kidogo, kwa wakati wake, karibu kabisa na anayeisubiri. Kikombe hakijui lolote kati ya hayo.

Panya wana NOX zote kama sisi?

Hawana NOX5. Ukisoma kwamba dawa fulani ya kuzuia NOX imefaulu kwa panya, kumbuka hilo kabla hujawatumia jamaa zako habari.

NOX3 inafanya nini?

Iko kwenye sikio la ndani, inasaidia kuunda vijiwe vidogo vya kupimia mvutano wa dunia. Panya asiye nayo huinamisha kichwa na kupoteza usawa.

Viumbe wengine wanacho?

Wanacho, hata mimea, ambayo hukitumia kurefusha vinyweleo vya mizizi. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa mnyama wa baharini aliye mviringo, mwenye miiba mwili mzima (kwa Kiingereza sea urchin). Yai lake likishaingiwa na mbegu moja, DUOX yake hutoa haidrojeni peroksaidi, na ndani ya dakika chache ganda la yai hukakamaa. Mbegu nyingine zikifika, zinakuta mlango umefungwa.