Faili Ghafi za Kamera na Hati za Word: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nilipiga picha kumbukumbu za vikao vya chama chetu cha ushirika kwa kamera ya Canon. Faili zinaishia na CR2. Nimebadilisha mwisho wa jina kuwa DOCX, lakini Word inakataa kuzifungua. Nimekosea wapi?

Jibu: Swali hili hunifikia kila mara, na jibu ni lile lile: kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo ndani yake. CR2, sawa na NEF ya Nikon au ARW ya Sony, ni faili ghafi, yaani vipimo vya mwanga vilivyopokewa na kihisi cha kamera, ilhali DOCX ni furushi la zipu lenye maandishi na maelezo ya mpangilio wake. Rudisha kwanza majina ya awali. Kisha tumia programu kama darktable au RawTherapee, ambazo zote ni za bure, ili kuigeuza faili ghafi kuwa picha ya TIFF au JPEG, na picha hiyo ndiyo utakayoipa programu ya kutambua herufi ikutolee maandishi. Hakuna njia ya kuruka hatua hizo. Programu inayodai kufanya yote kwa mkupuo huzipitia bila kukuonyesha. Faili za asili usizifute.

Swali: Nikipiga picha ghafi badala ya JPEG, maandishi yatasomeka vizuri zaidi?

Jibu: Kwa karatasi safi na mwanga wa kutosha, hapana. Faili ghafi husaidia pale wino ulipofifia au kivuli kilipoangukia nusu ya ukurasa, kwa kuwa huhifadhi viwango vingi zaidi vya mwanga: biti 12 au 14 kwa kila pikseli, wakati JPEG ya kawaida ina biti 8 kwa kila rangi. Picha iliyotikisika haiokolewi na chochote. Laza karatasi, kamera iwe sambamba nayo, na uzime flashi.

Swali: Nimeingiza picha kwenye Word lakini siwezi kurekebisha hata neno moja.

Jibu: Umebandika picha tu. Herufi hazijatambuliwa bado.

Swali: Natumia Tesseract, programu ya kutambua herufi, lakini maandishi yanatoka na makosa mengi. Je, niiache?

Jibu: Usiiache kabla ya kukagua lugha uliyochagua. Usipoiambia lugha, husoma kila kitu kama Kiingereza, ingawa ina data ya Kiswahili inayoweza kusakinishwa. Hata hivyo, «mama» inaweza kutoka «rnarna», na «ng'ombe» ikapoteza kibainishi chake. Makosa ya namna hiyo yanaonekana kwa macho. Ninayoyaogopa ni ya tarakimu: 3 ikisomwa 8, deni la mwanachama la shilingi 130,000 huwa 180,000, na hakuna kikagua tahajia kitakachoipigia mstari, kwa maana nayo ni tarakimu halali. Mtu mmoja asome karatasi ya asili kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye skrini, hasa penye fedha, tarehe na namba za uanachama. Kurasa zilizoandikwa kwa mkono zichape mwenyewe. Tesseract ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi ya chapa.

Swali: Naomba tovuti ya bure ya kugeuza NEF kuwa Word haraka. Nina hati za viwanja za familia.

Jibu: Sitakutajia hata moja. Ukipakia hati ya kiwanja kwenye tovuti usiyoijua mwenyewe wake, umempa mtu mwingine majina, saini na namba za ndugu zako, na huna namna ya kuhakikisha kwamba nakala imefutwa. Faili ghafi yenyewe hubeba pia tarehe ya kupigwa, mara nyingi namba ya kamera, na pengine mahali ulipokuwa umesimama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kuirudisha saini iliyokwisha kusambaa. Programu nilizozitaja hapo juu, Tesseract ikiwemo, hufanya kazi ndani ya kompyuta yako hata intaneti ikiwa imezimwa. Zipakue, zima mtandao, ndipo ufungue hati hizo.