Muulize Mwalimu: Shule ya miradi, ni shule kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watano. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tukaletwa San Diego, Marekani, na tunakaa City Heights. Binti yangu wa tatu anaingia darasa la tisa mwezi wa nane. Kuna sekondari mpya ya umma inafunguliwa, wanasema watoto watasoma kwa miradi. Kengele hakuna, vitabu vichache, na badala ya mtihani wa muhula wataonyesha kazi zao mbele ya wazazi. Nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu. Kikao cha wazazi kilikuwa Kiingereza kitupu. Binti ndiye aliyenitafsiria, naye anaitaka mno shule hiyo, sijui kama alinieleza yote. Mimi sikuvuka Ziwa Tanganyika ili mtoto aje kukata makaratasi na kupaka gundi. Nimwandikishe?

JIBU: Marahaba, mama. Mwandikishe. Kuingiza jina hakukufungi. Akipata nafasi bado unaweza kuikataa, na shule ya umma California hairuhusiwi kutoza ada ya masomo.

Tena jambo hili si geni mjini kwenu. Mwaka 2000, huko Point Loma, ilifunguliwa High Tech High katika eneo lililokuwa kituo cha mafunzo cha jeshi la majini. Mkuu wake wa kwanza, Larry Rosenstock, alisomea sheria, lakini aliwahi pia kufundisha useremala. Nayo ni shule ya umma, na bahati nasibu yake hufuata maeneo wanakoishi watoto, ili wenye nacho na wasio nacho wakae meza moja.

Hofu yako ya gundi naielewa. Nimefundisha fizikia miaka 31 na miradi ya gundi nimeiona mingi. Hata hapa Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo viende pamoja, lakini shule nyingi ziliishia kulima tu, hesabu zikabaki ubaoni.

Ila nimeona na kinyume chake. Mwaka mmoja niliwapa kidato cha pili kazi ya kukadiria maji yatakayotoka kwenye paa la bweni mvua ikinyesha milimita 10. Paa lilikuwa mita 20 kwa 8. Kijana mmoja asiyenyoosha kidole hata siku moja aliniletea jibu: lita 16,000. Sikumwekea mkasi. Nilimpa ufito, nikamwambia asubiri mvua akapime tangi. Tangi lilikuwa na upana wa mita mbili, na kimo chake hakikufika hata mita mbili. Kwa hesabu yake, maji yangepanda mita tano! Yalipanda chini kidogo ya nusu mita. Alisimama pale, kaptula imelowa, akiutazama ufito, kisha akasema polepole: "Mwalimu, nimesoma milimita kama sentimita." Lita 1,600. Alirudia kuandika ripoti ile mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemlazimisha.

Basi ukienda, usidanganywe na mabango ya ukutani. Omba uone kazi ya mtoto mmoja tangu rasimu ya kwanza hadi ya mwisho, yenye maandishi ya mwalimu pembeni. Rasimu zisipokuwepo, hapo ndipo pa kutilia shaka. Halafu uliza hisabati inafundishwa saa ngapi kwa wiki na nani, maana kwenye shule za miradi ndiyo hupotea kwanza. La tatu, uliza kama masomo yao yanatimiza yale 15 yanayodaiwa na vyuo vikuu vya umma vya California, ambayo mtoto lazima apate angalau C. Shule mpya bado haina wahitimu wa kukuonyesha, kwa hiyo hili wakujibu kwa maandishi.

Na usimtume binti kutafsiri tena. Si kwamba namshuku. Ni mzigo usiomfaa mtoto anayeitamani shule yenyewe. Shule inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Piga simu siku chache kabla, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na hutadaiwa hata senti.