Lugha za wahusika: zisinunuliwe, zisikilizwe

Mdogo wangu, umeuliza vipi wachezaji wa mchezo wako wa kompyuta wa bandari ya Lamu wajifunze lugha za wahusika, au wazinunue tu kwa pointi. Usiziuze, tafadhali. Kila mhusika awe na alama 0 hadi 100 kwa kila lugha, na programu iamue neno kwa neno wengine wanaposema: analolimudu alisome, asilolimudu ligeuzwe liwe neno asilolielewa. Muhimu kuliko yote, neno lilelile ligeuzwe vilevile kila mara. Likibadilika ovyo, sikio halina cha kushika. Salamu, hesabu na bei ziwe nyepesi kuliko maneno mengine, maana ndizo mgeni anazozisikia sokoni kila siku.

Kiamu, lahaja yetu ya Kiswahili hapa Lamu, usikifunge kama Kiarabu. Sisi twasema ndia, yua, moya. Mtu wa Unguja asemaye njia, jua, moja atatufahamu sana. Mpe 60 tangu mwanzo. Baharia wa Maskati aliyeshuka jahazini leo aanze na 0.

Alama zipande kwa kusikiliza, ila weka kikomo cha siku, ama watu watakaa barazani wakirudia sentensi moja usiku kucha. Mwalimu wa anayejifunza awe mchezaji mwenzake, na mwalimu huyo apate chochote kwa kufundisha.