Saa ya Marehemu Baba na Kopi ya Rolex

SWALI: Marehemu baba yangu alifanya kazi Maskati miaka ya themanini, na aliporudi Tanga alikuwa amevaa saa ya Seiko 5 ambayo sasa iko mikononi mwangu. Bado inakwenda, ila kioo kina mikwaruzo na uso wake umepata madoa. Saa hiyo imenitia hamu ya kukusanya saa kongwe. Mpwa wangu aliyeko Dubai anasema huko ni kupoteza fedha, na ananishauri ninunue kopi ya daraja la juu ya Rolex Submariner, saa ya wapiga mbizi, ambayo anadai hata fundi hawezi kuitambua. Wakati huohuo, fundi mmoja wa hapa amejitolea kuupaka uso wa saa ya baba rangi mpya ili ing'ae kama ilivyotoka dukani. Nimsikilize nani, na mtu wa kipato cha kawaida aanzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Nitaanza na habari ya fundi kwa sababu ndiyo yenye haraka: tafadhali usikubali uso wa saa hiyo upakwe rangi. Kioo kinabadilishwa, mkanda unabadilishwa, na mashine yenyewe inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka kadhaa, lakini uso ukishakwanguliwa haurudi tena. Kwa wakusanyaji wa saa kongwe, uso ndio unaotazamwa kwanza na ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani, na doa la miaka arobaini ambalo ni la saa yenyewe linapendwa kuliko mng'ao wa rangi ya juzi. Soko la mtandaoni limejaa Seiko 5 zilizopakwa rangi upya katika karakana za India, nyingine kwa rangi ambazo kiwanda cha Japani hakikuzitoa kamwe, na wakusanyaji wamezipachika jina la mji wa Mumbai kwa sababu huko ndiko nyingi zinakodhaniwa kutoka. Mashine zake aghalabu ni za kweli. Ni uso tu uliodanganywa, na huo unatosha kuishusha saa nzima.

Jifunze kuutambua uso wa aina hiyo kwa kuanza na ule ulio nao. Tafuta kioo cha kukuzia, simama penye mwanga wa mchana, na utazame ukingo wa chini kabisa wa uso, upande wa namba sita. Utakuta maandishi madogo mno, yenye namba ya mashine na alama za uso wenyewe. Kiwanda kiliyachapa kwa herufi nyembamba zilizonyooka. Aliyepaka uso upya mara nyingi ameyaacha kabisa, au ameyaandika kwa herufi nene zilizovimba na kupinda. Kisha igeuze saa. Kwenye kifuniko cha nyuma kuna namba mbili, na ile ya tarakimu sita ni ya kutengenezwa: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho katika mwaka, na ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 84, kwa mfano, ni ya Aprili katika mwaka unaoishia na 8. Muongo unauchagua kwa kuangalia aina ya mashine na historia ya mwenye saa, na kwa kuwa mzee alikuwa Maskati miaka ya themanini, saa yenye namba hiyo ingekuwa ya 1988. Vilevile vuta kitufe cha kuzungushia na uzibadilishe siku za juma. Seiko ilitengeneza saa zenye majina ya siku kwa Kiarabu kwa ajili ya soko la nchi za Ghuba, na ukizikuta hapo utakuwa na dalili nzuri kwamba saa ilinunuliwa pande zile mzee alikofanya kazi. Fanya hivyo mchana, mishale ikiwa mbali na usiku wa manane, kwa sababu kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku meno ya kubadilishia tarehe huwa tayari yameshikana, na ukilazimisha unaweza kuyavunja.

Nimeieleza saa hiyo kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu la hoja ya mpwa wako. Seiko 5 ilianza kutoka mwaka 1963, na ilikusudiwa watu wa kawaida wapate saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, yenye siku na tarehe katika dirisha moja, isiyoogopa maji kidogo, na ya bei wanayoimudu. Kila ilichosema kuhusu nafsi yake kilikuwa kweli. Kopi ya Rolex, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi gani, imeandikwa uwongo usoni, kisha ikaandikwa tena uwongo mgongoni kwa namba isiyo yake. Sioni namna ya kuanza mkusanyo kwa kitu cha namna hiyo, kwa maana kukusanya ni kutaka kujua kitu kilitoka wapi, lini, na kwa mikono ya nani, na kopi haina jibu hata moja unaloweza kuliamini.

Mpwa wako anasema kweli katika jambo moja: kopi za siku hizi zinaweza kumdanganya mtu anayezitazama kwa macho tu. Wazee wetu walifundishana kwamba mshale wa sekunde ukiteleza bila kudunda basi saa ni halisi. Kipimo hicho hakifai tena, na kusema kweli hakikuwahi kufaa sana. Mashine ya Seiko 7009, iliyomo katika Seiko 5 nyingi za miaka ya themanini, inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa kila sekunde, kwa hiyo mshale wake unaonekana kuteleza. Rolex nyingi za sasa zinapiga mara 28,800, yaani mara nane kwa sekunde, na zipo kopi zenye mashine ya otomatiki, yaani inayojijaza yenyewe, zinazopiga vilevile. Upande wa pili, Rolex yenyewe ilitengeneza saa za kwazi, yaani za betri, zilizoitwa Oysterquartz, zilizotoka kuanzia mwaka 1977, ambazo mshale wake unaruka sekunde moja moja, na ni halisi kabisa. Ukweli unapatikana kifuniko kikifunguliwa: umaliziaji wa vyuma, maandishi yaliyochongwa juu ya mashine, na namba zinazokubaliana na aina ya saa na mwaka wake. Fundi aliyezoea saa za Uswisi hahangaiki sana akishafika hapo.

Kuna na upande wa sheria, ambao nitaupitia kwa ufupi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na kwetu Tanzania Bara Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa za aina hiyo. Ulaya, hata mvaaji anaweza kuguswa: Uswisi inakataza tangu Julai 2008 kuingiza bidhaa bandia hata kwa matumizi binafsi, na forodha ikiiona huichukua na kuiharibu. Italia inaweza kumtoza mnunuzi faini inayofika hadi euro 7,000. Mpwa wako anayesafiri ayajue hayo.

Kama kinachowavutia ni umbo la saa ya mpiga mbizi, lenye uso mweusi na pete inayozunguka, hilo mnaweza kulipata kwa halali. Seiko ilianza kutengeneza saa zake za kupigia mbizi mwaka 1965, na Citizen na Orient pia wanazo nzuri sana. Ziko hata saa za kampuni ndogo zinazofuata umbo la Submariner kwa karibu lakini zinaandika jina lao wenyewe usoni. Mimi hizo za mwisho sizipendi, ila sizihesabu kuwa bandia, kwa kuwa hazimdanganyi anayezisoma.

Sasa nikuonye kuhusu hatari ambayo kwa mkusanyaji ni kubwa kuliko kopi. Ni saa ya mchanganyiko, ambayo vipande vyake vingi ni halisi lakini vilitoka katika saa tofauti na kuunganishwa ili viuzwe kama saa moja adimu. Mwezi wa Novemba 2021, mjini Geneva, Omega Speedmaster iliyotajwa kuwa ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, yaani kampuni iliyoitengeneza, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Tafakari hilo, ndugu yangu: waliotengeneza saa, wenye kumbukumbu zote za kiwanda, walinunua saa isiyo kamili kwa mamilioni. Anayekwambia kwamba anaitambua saa halisi kwa kuishika tu mkononi, msikilize kwa tahadhari.

Mfano wa pili unatoka hukohuko Omani. Baada ya kushika madaraka mwaka 1970, Sultani Qaboos aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya jambia usoni au saini yake, na akawatunuku watu aliotaka kuwashukuru. Saa hizo leo zinatafutwa kwa bei kubwa mno, na ndiyo maana wapo waliochukua Rolex ya kawaida ya miaka ileile wakaongeza jambia usoni. Saa ni ya kweli, mashine ni ya kweli, uwongo ni ile nembo moja. Kinachoiokoa saa halisi hapo ni karatasi na watu: barua, picha, jina la aliyepewa, na mlolongo wa mikono iliyopita. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, ambayo mkewe alimpa ikiwa imechongwa maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 2017 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17, bei ambayo Daytona nyingine ya umri uleule haikaribii.

Kwa hiyo tafuta picha ya mzee akiwa amevaa saa yake, na kama vipo, mkataba wake wa kazi na risiti. Viweke pamoja na saa. Soko halitakupa mamilioni kwa sababu hiyo, lakini mjukuu atakayerithi atajua alichorithi.

Kuhusu pa kuanzia, anzia kwa Seiko, Citizen na Orient za miaka ya sitini hadi themanini, ambazo vipuri vyake bado vinapatikana na mafundi wetu wanazifahamu. Kabla ya kulipa, omba picha za uso, za mgongo, za ubavuni bila mkanda, na za mashine ikiwa wazi, na muuzaji anayekataa kufungua kifuniko mwache na saa yake. Uliza kama uso umewahi kupakwa. Ukiona maandishi T SWISS T chini ya uso wa saa ya Uswisi, ujue kwamba alama zake za kung'aa gizani zilipakwa tritiamu, kitu kinachotoa mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 12. Saa ya miaka ya sabini yenye maandishi hayo ambayo bado inamulika usiku kucha imeguswa na mtu. Saa za kung'aa gizani za kabla ya miaka ya sitini nyingi zilipakwa rediamu, yenye mionzi mikali zaidi, na hizo usizifungue mwenyewe wala usizikwangue, kwa kuwa vumbi lake likivutwa ni hatari. Na saa yoyote kongwe ivue unapotawadha au kuoga, hata kama imeandikwa kwamba inahimili maji, kwani mpira unaozuia maji huchakaa kabla ya chuma.

SWALI: Miaka iliyopita nilinunua kopi ya Rolex nikijua ni kopi. Sasa nimeichoka. Je, nikimweleza mnunuzi ukweli wote, kuna ubaya kuiuza? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu, usiiuze. Sheria ya Kenya niliyoitaja hapo juu inamgusa muuzaji hata akiwa mkweli, na adhabu ya kosa la kwanza inaweza kufika kifungo cha miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa. Tena ukweli wako utaishia kwa mnunuzi wa kwanza, naye hana sababu ya kuufikisha kwa wa pili. Mpelekee fundi wa saa unayemwamini autoe uso na kuuvunja mbele yako. Mashine iliyobaki, kama ni ya otomatiki, inawafaa vijana wanaojifunza kazi chini yake, kwa kuwa wanaweza kuifungua na kuifunga mara nyingi bila hofu ya kuharibu mali ya mteja.