Papa hawi kibogoyo

Mwenzetu ameuliza kama papa mzee hufa kwa njaa meno yakimwishia, kama inavyompata tembo akishamaliza seti yake ya sita ya magego. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Nairobi, na maabara yetu ina taya la papa lililokaushwa, zawadi ya mvuvi wa Malindi, kwa hiyo nitajibu nikiwa nalo mezani.

La, papa hawi kibogoyo. Ukiligeuza taya hili na kulitazama kwa ndani, utaona kwamba nyuma ya safu ya mbele iliyosimama zimelala safu nyingine kadhaa, na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo meno yanavyozidi kuwa membamba na yenye uwazi ndani, kwa sababu yalikuwa bado yanajengwa mnyama alipovuliwa. Jino la papa halina mzizi uliozama kwenye mfupa, na papa mwenyewe hana mifupa bali gegedu. Meno hushikiliwa na ufizi, nao husogea mbele polepole ukiyabeba, hivi kwamba la mbele linapong'oka, la nyuma huinuka na kushika nafasi yake. Kasi hutegemea aina ya papa na joto la maji: katika aina moja ya Atlantiki ikaayo sakafuni mwa bahari, imepimwa kuwa safu hubadilika kwa siku 9 hadi 21 majira ya joto, na siku 51 hadi 70 majira ya baridi. Ndiyo maana papa mmoja huweza kupoteza maelfu ya meno maishani mwake.

Wala hayaozi kama yetu, kwani gamba la nje lina floraidi kwa wingi, ileile inayotiwa kwenye dawa ya meno.

Kuhusu matumizi, jambo ninalopenda wanafunzi walione wenyewe ni tofauti ya juu na chini. Meno ya juu ya taya letu ni pembetatu pana, na ukipitisha kidole ukingoni unahisi vijino vidogo vya msumeno. Ya chini ni membamba na yamechongoka. Papa hatafuni. Ya chini humdunga na kumshika samaki, kisha taya la juu, ambalo halikuungana na fuvu, husukumwa mbele, na papa anapotikisa kichwa huku na huku, ya juu hukata pande la nyama analolimeza zima.

Wasiokula hivyo wana meno mengine. Walao kaa na kombe wana meno bapa ya kupondea, na papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote, ana maelfu ya vijino vidogo asivyovitumia kulia, kwa kuwa chakula chake hukichuja majini.